Darasa Lililokatazwa: Kusadikika ya Shaaban Robert na Misingi ya Demokrasia Huria

1. Utangulizi

Kusadikika, riwaya fupi ya Shaaban Robert (1909–1962) iliyochapishwa mwaka 1951, imesomwa kwa njia nyingi. Wapo walioiona kuwa fumbo juu ya utawala wa kikoloni katika Tanganyika ya wakati huo. Wapo walioichukua kama hadithi ya maadili isiyofungwa na mahali wala wakati, ambamo wema hupambana na uovu na hatimaye hushinda. Wapo pia walioisoma kwa ajili ya lugha yake, wakiifanya kielelezo cha nathari bora ya Kiswahili. Katika makala haya hatukusudii kuikanusha hata moja ya njia hizo. Tunakusudia kuiulizia riwaya swali jingine: inatuambia nini juu ya misingi ya utamaduni na elimu ambayo demokrasia huria husimama juu yake, na ambayo ikikosekana demokrasia hiyo huporomoka?

Swali hili lina uzito wa pekee kwetu sisi tusomao Kiswahili nchini Kongo. Tangu hotuba ya tarehe 24 Aprili 1990, ambayo Rais Mobutu alitangaza ndani yake mwisho wa chama kimoja, mazungumzo juu ya demokrasia yameshikilia zaidi vyombo vyake: katiba, vyama, tume ya uchaguzi, mahakama. Uchaguzi mkuu umefanyika mwaka 2006, 2011, 2018 na 2023, na kila mara tumejadili masanduku ya kura, majina yaliyoandikishwa na matokeo yaliyotangazwa. Ni mara chache kuulizwa mpiga kura alijifunza wapi kuwa raia, na kwa lugha gani.

Hoja yetu ni hii. Shaaban Robert aliuona msingi wa utawala wa haki katika mambo mawili: elimu ya sheria iliyoenea kwa watu wote, na desturi ya kumsikiliza mshitakiwa kabla ya kumhukumu. Katika hayo aliona sawasawa. Lakini aliuacha msingi huo mikononi mwa mfalme msikivu, na hapo ndipo riwaya yake inapopungukiwa. Upungufu huo tutaueleza kwa kuulinganisha na mambo yaliyotokea katika nchi yetu, kisha tutaonyesha kazi ambayo wataalamu wa Kiswahili wanadaiwa.

2. Demokrasia huria katika methali

Kabla ya kuingia katika riwaya, yafaa tueleze tunachokiita demokrasia huria. Kiswahili kina methali mbili zinazotutosha. Ya kwanza ni "Wengi wape", ambayo husemwa pia kwa urefu: usipowapa, watajitwalia wenyewe. Hii ndiyo kanuni ya walio wengi, nayo ni nusu ya demokrasia. Methali ya pili ni "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni". Maneno yake ni makali, lakini fikra iliyomo ni pana: hata yule ambaye wengi wamemshinda, wanamchukia au wanamshitaki, hubaki na kitu ambacho hakuna awezaye kumnyang'anya. Nusu hii ya pili ndiyo inayoifanya demokrasia kuwa huria. Palipo na methali ya kwanza peke yake, wengi hugeuka mfalme. Palipo na ya pili peke yake, pana hakimu mwema tu asiyechaguliwa na mtu.

Hata hivyo, Kiswahili hichohicho husema "Mnyonge hana haki", na husema tena "Mwenye nguvu mpishe". Kwa hiyo wanaodai kuwa demokrasia ni mgeni katika utamaduni wetu, na wanaodai kuwa tulikuwa nayo tangu zamani za mababu, wote wawili wanaweza kuokota methali za kuwatetea. Utamaduni wa watu wowote haunenei kwa sauti moja. Ndani yake mna mabishano ya miaka mingi. Katika Kivu, barza ni mahali wazee wanapoketi kusikiliza magomvi na kuyatatua, na kila aliyepata kuketi hapo anajua kwamba subira ya kusikiliza si kitu kilichotoka Ulaya. Lakini anajua pia kwamba si kila mtu hupewa nafasi ya kusema: vijana na wanawake mara nyingi husikiliza tu. Msingi wa utamaduni upo, ila haujakamilika. Nani anaukamilisha, na kwa njia gani? Hapo ndipo elimu inapoingia, na ndipo Kusadikika inapoanzia.

3. Kosa la Karama

Kusadikika ni nchi iliyo angani. Ina mfalme, mawaziri, askari, gereza na mahakama. Kesi inapofunguliwa, Waziri Majivuno anamshitaki kijana aitwaye Karama. Msomaji angetazamia kosa la kuchukua silaha, au la kupanga njama ya kumpindua mfalme. Kosa la Karama ni kuanzisha mafunzo ya sheria kwa watu wa Kusadikika.

Jambo hili lastahili kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa Kusadikika haikukosa sheria. Mashitaka yapo, adhabu zipo, na waziri anajua vizuri namna ya kuzitumia. Kinachokosekana ni ujuzi wa sheria hizo mikononi mwa wale wanaoadhibiwa kwazo. Sheria ijulikanayo na upande mmoja tu ni silaha ya upande huo. Pande zote mbili zikiijua, huanza kuwa mpaka: huonyesha raia anaishia wapi, na huonyesha vilevile mtawala anaishia wapi. Majivuno anaifahamu tofauti hiyo kuliko mtu yeyote barazani, na ndiyo sababu anaogopa darasa kuliko jeshi. Jeshi la adui likishindwa, utawala hubaki kama ulivyokuwa. Darasa likifaulu, watu wale wale walioongozwa jana wataanza kuuliza leo wanaongozwa kwa kifungu gani.

Hapa mtunzi anatuepusha na kosa linalorudiwa mara nyingi katika mijadala ya elimu na demokrasia, yaani kudhani kwamba elimu yoyote ile huzaa uhuru. Majivuno si mjinga. Hoja zake zimepangwa, lugha yake ina ufasaha, na anajua namna ya kuifanya chuki yake binafsi ionekane kuwa usalama wa nchi. Nasi tumewaona wasomi wa namna hiyo. Marekebisho ya katiba ya Agosti 1974, yaliyokifanya chama cha MPR kuwa asasi ya pekee ya nchi, hayakuandikwa na watu wasiojua kusoma; yalihitaji kalamu za wanasheria. Elimu inayompa mtu ufasaha bila kumpa wajibu wa kumsikiliza mwingine humzalishia mfalme mawaziri, wala haimzalishii nchi raia. Swali la kweli, basi, ni elimu gani, ya nani, na kwa ajili ya nini.

4. Mahakama yageuka darasa

Desturi ya Kusadikika ni kumhukumu mtu bila kumsikiliza. Karama anaomba ajitetee, na katika utetezi wake hajisemei yeye mwenyewe. Anasimulia habari za wajumbe sita, Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini, waliotumwa kwenda pande zote nne za dunia, mbinguni na ardhini, ili kuitafutia nchi yao mambo ya manufaa. Kila mmoja alisafiri kwa taabu, na kila mmoja alirudi na habari za mema aliyoyaona. Kila mmoja alilipwa kifungo.

Wahakiki wengine wamelalamika kwamba simulizi hizi zinafanana mno. Mjumbe anatumwa, anateseka, anarudi, anafungwa; kisha anafuata mwingine, na msomaji ameshajua mwisho. Tukipima kwa vipimo vya riwaya ya matukio, lawama hiyo ina haki yake. Lakini tukumbuke kwamba maneno haya yanasemwa mahakamani. Mtu mmoja akifungwa bila kusikilizwa, waziri aweza kusema kuwa ni bahati mbaya, au kwamba mtu huyo alistahili. Watu sita wakifungwa kwa namna moja, bahati mbaya imekwisha. Kilichobaki ni mazoea ya serikali. Karama anajenga ushahidi, na ushahidi wa mazoea hauwezi kujengwa bila marudio. Fani hapa inatumikia maudhui kwa ukamilifu kuliko wahakiki hao walivyodhani: uchovu wa msomaji anapofika kwa mjumbe wa tano ni sehemu ya hoja.

Tena kuna jambo la pili, ambalo kwa maoni yetu ndilo kiini cha riwaya. Karama alikatazwa kufungua darasa la sheria. Anapopewa nafasi ya kusema barazani, anafanya jambo lilelile alilokatazwa. Anawafundisha wasikilizaji wake kwamba shitaka si hatia, kwamba shahidi mmoja mwenye chuki hatoshi, na kwamba hasara ya kumfunga mwema huiangukia nchi nzima, kwa kuwa hakuna tena atakayejitolea kutumwa. Mahakama imegeuka darasa, mfalme amekuwa mwanafunzi, na waziri aliyetaka kulifunga darasa ndiye aliyelifungua kwa kulishitaki.

Mfaransa Tocqueville, aliyezuru Marekani mwaka 1831 na 1832, aliandika katika kitabu chake juu ya demokrasia ya nchi ile (juzuu mbili, 1835 na 1840) kwamba baraza la wazee wa mahakama ni kama shule iliyo wazi daima, ambamo raia wa kawaida hujifunza haki zake kwa kuamua haki za wenzake. Hatuna sababu ya kudhani kwamba Shaaban Robert alimsoma Tocqueville, na fikra hiyo haihitaji asili moja. Hekima ya barza ni hiyohiyo: kijana aliyekaa kando akisikiliza kesi ya ng'ombe au ya shamba anajifunza namna watu wanavyopima maneno. Demokrasia huria huhitaji mahali ambapo watu wengi hufanya zoezi hilo mara kwa mara. Mahali hapo pakikosekana, katiba hubaki karatasi.

Adabu ya Karama nayo ni sehemu ya mafunzo. Hamtukani Majivuno. Hajivuni mbele ya mfalme. Sentensi zake zimepimwa, kila dai lina mfano wake, na kila mfano una hitimisho lake. Msomaji wa leo aliyezoea majibizano ya redioni huenda akaona upole huo kuwa unyenyekevu kupita kiasi. Sisi tunauona kuwa ni utamaduni wa hoja: mtu anampinga mwenye nguvu kwa nguvu ya maneno yaliyothibitishwa, naye anabaki tayari kupimwa kwa kipimo hichohicho.

5. Msamaha au haki?

Karama anashinda. Mfalme anamwona hana hatia, na wajumbe waliofungwa wanafunguliwa. Msomaji anafurahi, na ana haki ya kufurahi. Lakini mhakiki analazimika kuuliza: ni nini kilichobadilika Kusadikika siku ile?

Mfalme amebadilika moyo, na jambo hilo si dogo. Lakini mfalme ni yuleyule, na mamlaka yake ni yaleyale. Jana neno lake lilifunga, leo neno lake limefungua. Kesho neno lake laweza kufunga tena. Hatuonyeshwi chombo chochote kitakachomzuia waziri mwingine asimshitaki kijana mwingine. Walichopata wajumbe sita kinafanana na msamaha kuliko haki, kwa maana haki ni kile ambacho mtu hudai hata kwa mfalme asiyependa kusikia. Jina la shujaa linazidi kututia shaka. Karama ni kipawa, ni tunu itokayo juu. Nchi inayongoja karama ili iokoke haijajijengea msingi, imepata bahati.

Upungufu wa pili unahusu watu wenyewe. Katika baraza la Kusadikika wanaosema ni wachache, nao ni wanaume. Umma upo kama hadhira. Haufanyi lolote kudai kwamba Karama asikilizwe, wala haufanyi lolote kuhakikisha kwamba hukumu inatekelezwa. Ni darasa lenye mwalimu hodari na wanafunzi wasiofungua kinywa.

Historia yetu ya karibuni inalifafanua jambo hili kuliko nadharia yoyote. Hotuba ya tarehe 24 Aprili 1990 ilikuwa neno la mtu mmoja. Iliruhusu vyama, na watu wakaanza kusema. Siku kumi na saba baadaye, usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990, wanafunzi walishambuliwa katika kampasi ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na hadi leo idadi ya waliouawa inabishaniwa. Ruhusa ilikuwepo, haki haikuwepo. Yeyote anayesoma mwisho wa Kusadikika akiwa Lubumbashi hawezi kuisahau tofauti ya maneno hayo mawili.

Miaka miwili baadaye tukaona kitu ambacho Shaaban Robert hakukiandika. Mkutano wa Kitaifa wenye Mamlaka Kuu ulifunguliwa Kinshasa tarehe 7 Agosti 1991. Januari 1992 serikali ya Nguza Karl-i-Bond iliusimamisha. Tarehe 16 Februari 1992 Wakristo waliandamana mjini Kinshasa wakidai ufunguliwe tena, na askari wakawafyatulia risasi, wapo waliokufa. Aprili mwaka ule mkutano ulifunguliwa upya chini ya uenyekiti wa Askofu Mkuu Laurent Monsengwo, ukaendelea hadi tarehe 6 Desemba 1992. Mengi ya maazimio yake hayakutekelezwa, na nchi ikaingia katika miaka ya vita. Hata hivyo, kwa upande wa utamaduni jambo moja lilitendeka: watu wa kawaida walitoka majumbani mwao ili baraza liendelee kusikiliza. Umma wa Kusadikika haukufika hapo. Tungeweza kusema kwamba waandamanaji wa Kinshasa waliandika sura ambayo riwaya haina.

6. Elimu ya nani?

Swali la nani apewe elimu lilimshughulisha Shaaban Robert pia katika Kufikirika, riwaya yake iliyochapishwa mwaka 1967 baada ya kifo chake. Humo mwalimu Utubusara Ujingahasara anakabidhiwa malezi ya mtoto wa mfalme, na namna ya kumfundisha inakuwa jambo la kubishaniwa na wakubwa wa nchi. Tukizisoma riwaya hizi mbili pamoja, tunaona njia mbili za kufikiri. Katika Kufikirika, mwana wa mfalme akielimishwa vyema, nchi itatawaliwa vyema. Katika Kusadikika, mafunzo yanapelekwa kwa watu. Njia ya kwanza inakubalika kwa wafalme wa kila zama. Ya pili inampeleka mwalimu kizimbani.

Serikali ya kikoloni ya Ubelgiji ilichagua njia inayokaribiana na ya kwanza. Tangu mapatano ya mwaka 1906 kati ya Leopold II na Vatikani, shule ziliwekwa zaidi mikononi mwa misheni za Kikatoliki. Watoto wengi walifundishwa kusoma na kuandika, lakini milango ya juu ilibaki imefungwa: Chuo Kikuu cha Lovanium kilifunguliwa mwaka 1954, na kile cha Elisabethville mwaka 1956. Wakati huohuo elimu ilifanywa ngazi ya kuwatenga wachache na wengi. Mwaka 1948 ilianzishwa kadi ya sifa za kiraia, na mwaka 1952 ukawekwa utaratibu wa kuwaandikisha Wakongo wachache waliohesabiwa kuwa wamestaarabika, ili wapate baadhi ya haki walizokuwa nazo Wazungu. Maana ya mpango huo ni kwamba haki ni zawadi ya mtihani. Katika miaka ya karibu na kuchapishwa kwa Kusadikika, mtu wa Elisabethville aliweza kuziona nadharia hizi mbili zikitazamana: riwaya iliyosema kwamba sheria ifundishwe kwa wote, na serikali iliyosema kwamba haki zigawiwe kwa waliofaulu.

Utawala uliofuata ulimwogopa mwanafunzi kwa namna yake. Mwezi Juni 1971 wanafunzi wa Lovanium waliingizwa jeshini kwa nguvu, na Agosti mwaka huohuo vyuo vikuu viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Taifa la Zaire, hali iliyodumu hadi mwaka 1981. Ndani ya mpango huo Fasihi na Sayansi za Jamii zilipelekwa Lubumbashi. Majivuno hakuwa na haja ya kuchoma vitabu. Ilimtosha kuwahamisha waalimu na kuwavalisha wanafunzi sare.

Ni haki kusema pia yaliyofanyika kwa upande mwingine. Katiba ya mwaka 2006 inasema kwamba elimu ya msingi ni ya lazima na ya bure katika shule za serikali, na tangu Septemba 2019 serikali imeanza kuitekeleza ahadi hiyo. Watoto wengi waliokuwa mitaani wameingia madarasani, ingawa madarasa yenyewe yamejaa kupita kiasi. Lakini kuhesabu watoto walioketi madawatini hakujatuambia kama wanajifunza kuwa Karama au kuwa Majivuno.

7. Kifungu cha 142 na lugha ya sheria

Tukitaka kujua darasa la Karama lingefundisha nini leo, hatuna haja ya kubuni. Mtaala wake umo katika Katiba iliyotangazwa tarehe 18 Februari 2006. Kifungu cha 18 kinasema kwamba aliyekamatwa aelezwe mara moja sababu za kukamatwa kwake, katika lugha anayoifahamu, na kwamba asiwekwe chini ya ulinzi zaidi ya saa 48 bila kufikishwa mbele ya mwenye mamlaka ya kisheria. Kifungu cha 19 kinalinda haki ya kujitetea. Kifungu cha 45 kinaiwajibisha serikali kueneza na kufundisha Katiba na haki za binadamu. Na kifungu cha 142 kinaiagiza serikali isambaze kila sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa, yaani Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba, katika siku 60 tangu kutangazwa kwake.

Laiti vifungu hivyo vingekuwa vimefuatwa Kusadikika, wajumbe sita wasingefungwa. Je, vinafuatwa kwetu? Sheria huandikwa kwa Kifaransa, hujadiliwa kwa Kifaransa, na hukumu hutolewa kwa Kifaransa. Mwuza unga wa soko la Kenya mjini Lubumbashi, au mvuvi wa Uvira, hukutana na sheria kwa mara ya kwanza siku anapokamatwa, tena katika lugha ambayo askari mwenyewe mara nyingi haimiliki vizuri. Kifungu cha 142 kimebaki ahadi kuliko mazoea. Anayetafuta sheria zote za nchi katika Kiswahili hazipati.

Hapa kuna ugumu ambao ni wa fani yetu, wala hatuwezi kuusukumia serikali peke yake. Tuseme kwamba kesho sheria zote zinatafsiriwa. Zitatafsiriwa katika Kiswahili kipi? Mtu wa Lubumbashi husema avoka, parke na tribinali. Kiswahili sanifu kina wakili, ofisi ya mwendesha mashitaka na mahakama. Tafsiri iliyoandikwa kwa sanifu ya pwani tupu yaweza kumwacha raia nje ya mlango kama Kifaransa kilivyomwacha. Tafsiri iliyoandikwa kwa lugha ya mji mmoja yaweza isieleweke Kisangani au Bukavu, na yaweza kukosa maneno ya kutofautisha mambo ambayo sheria inayatofautisha. Neno haki lenyewe linabeba mzigo mkubwa: ni stahili ya mtu, ni uadilifu wa hakimu, ni ukweli wa jambo. Utajiri huo unamfaa mtunzi wa fasihi; mtafsiri wa sheria unamtaka aseme wazi anakusudia maana ipi.

Shaaban Robert anatusaidia hata hapa. Kusadikika imeandikwa katika Kiswahili cha juu, lakini kila kanuni iliyomo inafikishwa kwa msomaji kupitia habari ya mtu fulani aliyetumwa, aliyerudi, aliyefungwa. Hatupewi maelezo ya haki ya kujitetea. Tunaonyeshwa mtu aliyeikosa. Msamiati mgumu unabebwa na kisa chepesi. Hiyo ni njia ya ufundishaji, na ingeweza kufuatwa na yeyote atakayetaka kueleza kifungu cha 18 kwa watu ambao neno "kifungu" lenyewe linawatisha.

8. Hitimisho

Tumeonyesha kwamba Kusadikika inauweka msingi wa utawala wa haki katika elimu ya sheria kwa watu wote na katika desturi ya kusikiliza. Tumeonyesha pia kwamba riwaya inamtegemea mno mfalme mwema na shujaa mwenye kipawa, kiasi cha kuuacha umma kimya. Matukio ya Kongo kati ya mwaka 1990 na 1992 yanatufundisha kwamba ruhusa ya mtu mmoja hudumu kadiri apendavyo mtu huyo, na kwamba baraza hubaki wazi pale watu wenyewe wanapodai libaki wazi.

Kwa wasomi wa Kiswahili yako mambo ambayo hayahitaji kungoja fedha wala amri. Sheria-mfumo ya elimu ya Februari 2014 inaruhusu lugha za taifa zitumike katika kufundishia na zifundishwe zenyewe kama somo; kwa hiyo Kusadikika yaweza kusomwa shuleni pamoja na vifungu vya 18 na 19, mwanafunzi akitakiwa aeleze ni kifungu gani kilichovunjwa katika kisa cha kila mjumbe. Idara za lugha zaweza kuvichukua vifungu hivyo viwili, kuviandika katika sanifu na katika Kiswahili cha Lubumbashi, Bukavu, Goma na Kisangani, kisha kuvisoma mbele ya watu wasiosoma Kifaransa na kuwauliza wameelewa nini. Majibu yao ndiyo yatakayosahihisha tafsiri. Tasnifu za wanafunzi wetu, ambazo kila mwaka huchambua wahusika na methali, zingepata humo kazi yenye faida kwa mtu aliye mbele ya askari saa hii.

Kazi hiyo ni ndogo ikilinganishwa na ukubwa wa nchi. Lakini Karama naye alianza na darasa moja, na Majivuno hakuliona kuwa dogo.